Nilikula Firigisi ya Mgeni, Kisha Nikafanya Upelelezi

Nimekosa, na sitazunguka mbuyu: firigisi niliila mimi. Niliitafuna peke yangu, nikaimeza, nikafuta mkono kwenye leso, halafu nikasimama mbele ya wageni nikamshtaki kijana wa watu ambaye hata kifuniko cha sufuria hakukigusa. Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanitukana. Mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi ni mama wa makamo. Nauza sweta za watoto Soko la Toi, na naishi kwenye zile nyumba za ghorofa za Soweto, Kibera. Nilikuwa naishi na mdogo wangu Minayo. Mama yetu alituacha Minayo akiwa bado anatambaa, kwa hiyo mimi ndiye niliyembeba mgongoni, nikamwombea ziwa kwa majirani hadi nikamwachisha, nikampeleka shule. Ananiita dada, lakini mkiuliza moyo wangu, yule ni mtoto wangu.

Minayo anasuka nywele saluni moja kule Kawangware, steji ya 56. Hapo ndipo alipokutana na Elphas, fundi wa mageti. Kijana mpole, mkono mgumu, maneno machache. Walipopendana, mwenzangu, nilitarajia siku moja nipate kabati tupu, maana siku hizi ndoa ni za njoo tuishi. Minayo akakataa kabisa. Mama yetu alikaa na baba yetu bila mzee hata mmoja kuja kuongea, na alipokufa watu walibishana azikwe wapi. Minayo akasema yeye atatoka kwa mlango wa mbele, wazee wakiwa wameketi, wamekula na wameshiba. Hicho tu ndicho alichoniomba maishani. Na hicho ndicho nilichomharibia.

Sasa nije kwa tamthilia.

Kuna mteja wangu mmoja, mwalimu, ambaye kila akija kuchagua sweta hakosi jambo la kunisifia. Wakati huo alikuwa anasifu tamthilia ya upelelezi kutoka nchi fulani ya baridi. Ameitazama, amelia, imepata tuzo kila mahali, mtu ambaye hajaitazama hajui uigizaji ni nini. Kanisani nako nikawasikia kina mama wa kwaya wanaitaja. Nikaona nisiachwe nyuma, nikamwomba mwalimu aniwekee kwenye simu.

Jamani, niseme ukweli wangu. Mimi sikuipenda. Mpelelezi mwenyewe ni mwanaume mwenye koti refu ambaye anakaa kwenye gari na kuangalia mvua. Anaangalia mvua hadi unajiuliza kama simu imekwama. Sijamwona akila hata siku moja, ni kahawa tu. Anaingia nyumba ya wafiwa bila pole, bila kushikana mikono, na moja kwa moja anauliza marehemu alikuwa na maadui? Mtu amekufa, na katika ile nyumba hakuna jirani hata mmoja aliyeleta sukari! Hakuna matanga, hakuna mchango, hakuna mwanamke anayelia kwa sauti. Nilikuwa napiga kelele peke yangu, nawaambia hata chai hamna?

Lakini sikuweza kuiacha. Hapo ndipo penye ugonjwa. Niliichukia na niliingoja. Nikifunga kibanda mguu unakimbia wenyewe. Nikiwa naosha vyombo namfikiria yule mama mwenye mbwa, alikuwa wapi usiku ule? Na kwa kuwa lugha yao siijui, ilinibidi kusoma maandishi ya chini, na ukipepesa macho tu umepitwa na jambo. Shikeni hilo la macho, ndilo lililonimaliza.

Kibaya zaidi, nikaanza kuwa mpelelezi. Yule mwanaume ana mbinu moja: anauliza swali, halafu ananyamaza. Ananyamaza hadi mtu mwenyewe anasema asiyoulizwa. Nikaijaribu sokoni. Mama mmoja alirudisha sweta akidai niliiuza ikiwa imetoboka. Nikamuuliza, "Imetobokea wapi?" nikanyamaza. Mwisho akasema panya wa kwake ndio walioila. Siku hiyo nilitembea hadi nyumbani kichwa juu. Nilijiona nina kipaji ambacho Mungu alikificha kwenye mitumba miaka yote hii.

Jambo jingine nililojifunza kwa yule mwanaume ni macho. Kwake, mtu asiyekutazama machoni anaficha kitu. Na mimi nikamkumbuka Elphas.

Elphas hajawahi kunitazama machoni. Akija kwangu anasimamia mlangoni, anasalimia ukuta, anakataa hata maji. Sasa mtu wa kwetu akisoma hapa atacheka, maana anajua sababu. Kwetu magharibi, mkwe ni heshima tupu. Mwanaume hamkaribii mama mkwe wake, hashikani naye mkono, halili mbele yake, na yeye mama mkwe haonekani akila. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea Minayo, Elphas alinihesabu mama mkwe, sawasawa kama ningalikuwa nimemzaa. Nililijua hilo tangu utotoni. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Lakini ile tamthilia iliingia kichwani ikasukuma vya kwetu pembeni, na nikaanza kujiuliza kwa nini huyu kijana ananikwepa.

Siku ya wageni ikafika, Jumamosi mchana. Walikuwa wanakuja Mzee Jotham, ndugu ya marehemu baba yake Elphas, ambaye kwa mila ndiye baba yake sasa na ndiye msemaji wao, pamoja na Senje Rasoa, yaani shangazi yake. Minayo alichinja jogoo kutoka kijijini, akampika mwenyewe, kwa sababu siku hiyo mkono wa msichana ndio unaoonjwa. Na katika kuku mzima, hakuna kipande kinachongojwa kama firigisi, ambayo sisi tunaiita imondo. Imondo ni ya mzee. Haikatwi, haigawanywi, haionjwi na mpishi. Sahani ya mzee ikifika bila imondo, umemwambia kwamba hapa kwetu yeye si mtu.

Minayo alipomaliza akataka kwenda kuoga na kuvaa. Akaniambia, "Dada, si uniangalilie hiyo kuku? Imebaki tu supu ipungue kidogo. Na imondo iko hapo juu, usiiguse."

Nikamwambia aende bila wasiwasi. Nikavuta stuli karibu na jiko, nikaegemeza simu kwenye mkebe wa chumvi. Ilikuwa ile sehemu ambayo mpelelezi anaingia gereji ya yule mama mwenye mbwa na kuna friza kubwa ya zamani. Mwalimu alikuwa ameniambia, ukifika kwa friza, ushikilie kitu.

Nami nikashikilia kitu.

Wakati nikitazama nilisikia kreti ya soda ikiwekwa chini mlangoni mwa jikoni, halafu miguu ikishuka ngazi mbio. Sikugeuka. Ningegeuka vipi na maandishi yanapita?

Wageni wakafika. Minayo alitoka chumbani amevaa kitenge cha kijani, amependeza hadi nikataka kulia. Elphas akaketi karibu na dirisha, akasalimia ukuta kama kawaida. Tukaomba. Maji ya kunawa yakapita, wageni wote wakanawa. Kisha Minayo akaingia jikoni kupakua, na kukawa kimya. Nikamfuata. Nikamkuta amepiga magoti kwenye sakafu, anachungulia chini ya jiko.

Imondo haikuwapo. Tulikoroga supu yote, tukageuza kila kipande, tukaangalia hata kwenye ndoo ya taka. Minayo alikuwa anapumua kwa mdomo. Akanong'ona kwamba tuseme tu ukweli, tuombe msamaha, tuwaambie imepotea kwa bahati mbaya. Mzee atakasirika kidogo, halafu atakula paja.

Hiyo ndiyo iliyokuwa njia. Ilikuwa pale mbele yangu, nyeupe! Lakini mimi nilikuwa nasikia kitu kingine kifuani. Nilikuwa nasikia, naomba Mungu anisamehe, furaha. Hatimaye kesi imekuja kwangu.

Nikatoka sebuleni, nikawaambia wageni kwamba imondo imepotea na hakuna mtu kutoka. Nikafunga mlango kwa komeo. Halafu nikaenda dirishani nikawapa mgongo, nikaangalia nje. Mvua haikuwapo, kwa hiyo niliangalia nguo za jirani zilizoanikwa, nikaziangalia muda mrefu sana.

Nikaanza na Senje Rasoa. Nikamuuliza alikuwa wapi kabla ya kuingia nyumba hii. Akasema alikuwa kwenye ngazi, anapumzisha goti. Nikamuuliza ni nani anayeweza kuthibitisha hilo. Akamgeukia Mzee Jotham akamuuliza kama huyu mama ni mzima.

Nikamgeukia Minayo. Alikuwa amesimama na bakuli tupu mkononi.

"Wewe ndiye uliyepika," nikamwambia. "Uliionja?"

"Dada?"

"Jibu swali."

Akanitazama. Sikuwa nimeona uso ule kwake tangu akiwa mtoto, siku nilipomwacha shuleni mara ya kwanza na kuondoka. Midomo yake ilikuwa imefungwa na machozi yamejaa, na mimi, kwa upumbavu wangu, niliyachukua yale machozi nikayaweka upande wa ushahidi. Senje naye akaanza kuguna kwamba msichana anayekula jikoni kabla ya wageni atamaliza nyumba ya mtu.

Wakati huo wote, mjue, nilikuwa nachokoa jino na kijiti. Kulikuwa na kitu kimenasa nyuma na kilinisumbua. Nilifanya upelelezi wangu huku nachokoa ushahidi kwenye meno yangu!

Ndipo nikamwendea Elphas. Nikamuuliza ni nani aliyeleta kreti ya soda jikoni. Akasema ni yeye. Nikamuuliza kama mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kwa nini aliitua akashuka ngazi mbio badala ya kuingia na kukaa. Hapo akaangalia chini. Nikanyamaza, nikamngoja, kama nilivyofundishwa. Jasho lilimtoka kwenye paji. Alimtazama Minayo na lile bakuli, akamtazama Senje anayeguna, akarudi kwenye sakafu.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nimeikula mimi."

Nilisubiri. Sijui nilisubiri nini. Nadhani nilitegemea makofi.

Mzee Jotham aliangalia mikono yake, bado ina maji. Akaipangusa kwenye suruali polepole. "Kijana anakula imondo ya baba yake, na baba yake ako hai anakuja kumwongelea," akasema. "Huyu bado ni mtoto. Mtoto haoi." Akasimama. Senje akasimama. Ilinibidi niende nikafungue komeo nililolifunga mwenyewe. Wakashuka ngazi na njaa yao, na jogoo mzima akabaki kwenye sufuria.

Minayo hakupiga kelele. Alikunja kile kitenge, akatia nguo kwenye mfuko, akaniambia anaenda kulala kwa mwenzake wa saluni. Nilimweleza kwamba nimemwokoa, kwamba mwanaume mlafi anajulikana mapema. Akafunga mlango taratibu, na mimi nikakaa nikajisifu kwa kuta.

Kisha nikarudi kwa simu, maana pale kwa friza palikuwa pamenichanganya. Nikarudisha nyuma kidogo. Mpelelezi akaingia gereji. Akaenda kwa friza. Akaweka mkono kwenye kifuniko, na hapo, mwenzangu, mdomo wangu ukaanza kutafuna. Hapakuwa na kitu mdomoni. Ulitafuna wenyewe, kama ulivyotafuna mchana. Firigisi si ini, hailainiki upesi. Inakataa, unaisukuma upande huu, unaisukuma upande ule. Nikakumbuka ule ukaidi wake kwenye meno. Nikakumbuka chumvi yake. Nikakumbuka mkono wangu ukishuka kwenye sufuria kutafuta cha kushikilia, kwa sababu niliambiwa nishikilie kitu! Nikaingiza kijiti nyuma ya jino, na kile kilichonasa kikatoka. Nilikaa nikikiangalia kwenye kiganja, na nikalia, nikacheka, nikalia tena. Jirani aligonga ukuta.

Kesho yake, badala ya kwenda kanisani, nilienda Kawangware. Elphas nilimkuta anapiga msasa geti nje ya kibanda chake. Aliponiona akageuza uso, akasimama mbali.

"Elphas, ile imondo niliila mimi," nikamwambia.

Akaendelea kupiga msasa. "Najua, mama."

"Unajuaje?"

"Nilikuona. Nilikuja na soda nikakupata ukitafuna, macho kwa simu. Ndio nikatoroka."

"Sasa mbona hukusema?"

Msasa ukasimama. Aliliambia lile geti, si mimi. "Ningesema aje, mbele ya wazee, eti nimeona mama mkwe wangu akikula?"

Kijana alikuwa na ukweli wote mdomoni, na heshima yangu ndiyo iliyomfunga. Angenitaja, angenivua nguo mbele ya ukoo wake. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa Minayo. Akachagua kujivua yeye. Na mimi yale macho yake ya chini ndiyo niliyoyaita hatia.

Nikaenda kwa Mzee Jotham, ambaye anashona viatu karibu na steji. Nikamwambia nina neno. Akanyamaza. Akanyamaza kuliko yule mpelelezi, akipitisha sindano kwenye soli, na mimi nikajikuta nasema yote: friza, gereji, mkebe wa chumvi, jino. Nilisema hata mambo ambayo hakuhitaji kuyajua.

Mwisho akaniuliza, "Ilikuwa imeiva?"

"Imeiva vizuri, mzee. Na chumvi kamili."

Akakata uzi na meno. "Basi huyo msichana anajua kupika," akasema. "Tutarudi."

Nilikimbia saluni na habari njema, nikidhani yameisha. Minayo alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Nilimweleza kila kitu mbele ya watu, na wale wanawake waliokaa chini ya mashine za kukausha nywele walicheka hadi wakashikana. Yeye hakucheka. Alimaliza msuko mmoja, akaufunga.

"Mimi sijali ni nani alikula," akasema. "Mtu anaweza kula. Lakini uliniangalia ukaniambia nijibu swali. Wewe, dada. Ulikuwa unaniuliza kama mtu hunijui."

Nikaanza kumwomba msamaha, akachukua fungu jingine la nywele.

"Wakija tena, usikuwe hapo," akaendelea. "Nitaomba mama mmoja wa kwaya akae kwa kiti ya mzazi. Nyumba utatuachia."

Nilikubali. Ningekataa na nini?

Leo ndiyo Jumamosi waliyopanga kurudi. Wageni wako nyumbani kwangu sasa hivi, ninapoandika. Minayo alirudi jana kupanga viti, akaniambia asubuhi niwe nimeondoka kabla hajachinja. Niko hapa Toi, nimeketi juu ya marobota ya sweta, na mwanamke mwingine amekaa pale ningekaa mimi, anaulizwa maswali ambayo majibu yake ninayo mimi. Alianza kutembea lini? Aliugua nini utotoni? Yule mama wa kwaya atawajibu nini? Nimemlea mtoto toka anatambaa, na siku ya kutoka kwa mlango wa mbele nimekosa hata nafasi ya kusimama nyuma ya mlango. Kwa ajili ya kipande cha nyama kisichojaa kiganja, na mwanaume wa koti refu ambaye hata kunijua hanijui!

Mwalimu alipita hapa kitambo. Akaniuliza nilionaje sehemu ya mwisho. Nikamwambia sijaitazama. Akashika kichwa, akasema mwisho wake ndio kila kitu. Nadhani ni kweli, na bado inaniwasha nijue. Mnaona basi, ugonjwa haujaisha.

Ninaowaonya ni nyinyi mnaotazama. Sisemi msitazame. Ni kazi nzuri, waliotoa tuzo hawakukosea, ingawa hakuna anayekula humo. Ninachosema ni kwamba yale ni ya kwao, na watu wako unawajua wewe. Mtu wako akiangalia chini, kumbuka kwanza kwenu watu huangalia chini kwa nini. Na ukijikuta unamuuliza mtoto wako kama polisi, zima simu, umekosea nyumba.

Simu imelia hapa kwenye marobota. Ni Minayo. Ameandika hivi: "Wamekula, wameshiba, wamekubali. Mama wa kwaya ameenda. Njoo tuoshe vyombo."

Nafunga kibanda. Nyinyi wengine, kuleni kwanza, ndipo mtazame.